Wimbo Uliokimbizwa: Wasifu wa Marehemu Mpiga Gitaa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 12 Juni 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, ambako baba yake alikuwa fundi bomba. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni kaka yake, mwimbaji, ambaye tuko naye hapa leo.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda hicho, kuanzia 1959 hadi 1965. Mwalimu wa kwaya alimtoa mstari wa mbele akamwambia, "Sauti huna, mwanangu, lakini masikio unayo." Kaka yake akabaki mbele. Marehemu akapewa gitaa la shule, lililokosa uzi mmoja.

Tangu 1971 walifanya kazi pamoja katika bendi ya hoteli, kaka akiimba na mdogo akimfuata kwa gitaa. Mchana marehemu alitengeneza redio. Wimbo uliowapa jina ulikuwa wa harusi, mali ya kaka: mwendo wa kasi, na ufunguo, yaani kimo cha sauti, wa juu, ili sauti yake ijidai.

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na karani wa posta, ambaye lugha ya wanamuziki ilikuwa ngeni kwake. Asubuhi moja mumewe alinung'unika na gitaa lake, "Ufunguo uko juu mno," naye akapanda kiti kuutafuta juu ya kabati. Marehemu alilisimulia hilo mpaka machozi yakamtoka. Mkewe alimjibu, "Cheka tu, baba watoto. Siku ukifungiwa nje utaniita." Walijaliwa mabinti wawili.

Mkewe alifariki Aprili 1993. Mwaka huohuo marehemu aliingia studio peke yake, akaurekodi ule wimbo wa harusi kwa gitaa tupu, bila maneno. Alishusha ufunguo kutoka G hadi D na kupunguza mwendo karibu nusu. Pale kaka yake alipozoea kuvuta sauti ili watu wapige vigelegele, yeye aliacha kimya. Haukuwa tena wimbo wa kumpokea bibi arusi. Ulikuwa wa mtu anayekunja nguo za mke asiyerudi.

Kaka yake aliusikia, akasema, "Mdogo wangu, umeuzika wimbo wangu ukiwa hai." Akaenda kwa fundi wa studio bila kumwambia mtu. Kanda ikakimbizwa, ufunguo ukapanda pamoja na mwendo, na kanda ya awali ikarekodiwa tangazo juu yake. Toleo hilo la mbio ndilo mlilolisikia redioni miaka yote, kabla ya matokeo ya bahati nasibu. Mlipompongeza kwa kuwachangamsha, marehemu alijibu, "Huo wenu umeoa. Wangu ni mgane."

Alipomwendea kaka yake, aliambiwa, "Si nimekusaidia? Ungesikika wapi na kilio kile?" Waliendelea kusalimiana.

Februari 2021 mabinti zake walimnunulia vifaa ili aurekodi upya. Machi, kabla hajamaliza kuvifungua, kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kushoto. Katika siku zake za mwisho redio ya wodini ilikuwa ikiupiga wimbo ule. Alimwomba muuguzi aizime. "Babu, waache wenzako wachangamke kidogo," alijibiwa. Akageukia ukutani. Alifariki tarehe 9 Mei 2023.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano na kaka yake. Kaka yake ameomba toleo la redioni lipigwe jeneza likiteremshwa, kwa kuwa ndilo linalojulikana. Binti mkubwa alikwisha kumwuliza marehemu jambo hilo akiwa kitandani, naye alijibu kwa taabu, "Heri kimya." Wimbo alioupiga yeye hatuna. Kwa hiyo hakutapigwa chochote, na wenye simu wanaombwa wazizime.

Baba mkubwa, tunakuomba nawe usiimbe.

Apumzike kwa amani, kwa mwendo wake mwenyewe.