Kituo cha Mzee Kituo

Baada ya kuitumikia redio hii kwa miaka thelathini na mmoja, msomaji wetu wa matangazo ya vifo anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini. Kazini tunamwita Mzee Kituo, na jina hilo halikutokana na kituo cha redio.

Lilitokana na kunyamaza kwake. Akishataja jina la marehemu, aliweka kituo kabla ya kusema mazishi ni wapi. Aliyekuwa jikoni azime moto, aliyesimama atafute pa kukaa. Sisi mafundi mitambo tulijifunza kutogusa kitu hapo.

Televisheni ilipoingia majumbani hakubabaika. Alisema hiyo inataka macho tu, masikio bado ni yetu. Kisha ikaja simu, ikataka macho, masikio na vidole, na habari za misiba zikawa zinafika kwenye makundi ya simu kabla maiti haijapoa. Nyingine zinafika kabla mtu hajafa. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alizushiwa kifo, akaja mwenyewe mapokezi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kuomba atangazwe kuwa yu hai. Mzee akakubali. Lakini mazoea yana tabu: akataja jina, akaweka kituo. Mke wa fundi alizimia hapo hapo, kabla ya kusikia kwamba mumewe ni mzima wa afya. Fundi alilalamika kwamba simu ilimuua, redio ikammalizia.

Kicheko kinaishia hapo. Wakubwa waliamua kuwafuata wasikilizaji huko huko kwenye simu, wakanunua mashine ya kufyeka kila kimya, kwa hoja kwamba kimya kikizidi, kidole kinahama. Mzee aliomba matangazo ya vifo yaachwe kama yalivyo. Aliambiwa aende na wakati.

Mwaka jana alifiwa na mkewe. Tangazo alilisoma mwenyewe. Alitaja jina, akanyamaza kirefu kuliko siku zote, mpaka muda wa tangazo ukaisha, nasi tukanyamaza naye. Mashine ikakifyeka kimya chote. Kwenye simu, jina la shemeji yetu lilidakwa na wimbo wa tangazo la sabuni. Mzee alijisikiliza msibani, kwenye simu ya binti yake, akamrudishia. Muda wake wa kustaafu ulikuwa bado miaka miwili. Aliporudi kazini, aliomba kuondoka.

Inauma, na sitajifanya haiumi. Wala sitasema ameacha pengo, maana hapa mapengo yanafyekwa.

Mzee wetu, ahsante. Tunakutakia maisha mema na marefu, yenye watu wa kukusikiliza. Nanyi wenzangu, ratiba ya leo imempa dakika tatu za kuaga. Simu ziwekeni chini. Akinyamaza katikati, msipige makofi. Atakuwa hajamaliza.