Mkono wa Kulia wa Dada Vidole

Ndugu, majirani, na ninyi wateja wake ambao wengi wenu mmekuja hapa mkiwa mmesukwa kwenye saluni yake, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwaeleze maisha ya marehemu, naomba mnivumilie, sauti yenyewe imechoka.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Vidole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi umeme na mama muuza maziwa. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1982, hakuendelea, kwa sababu mama aliugua na sisi wadogo tulihitaji mtu wa kutuogesha, na huko ndiko kusuka kulikoanzia, barazani, mmoja wetu akiwa amelala mgongoni mwake.

Mwaka 1988 aliajiriwa saluni ya karibu na kituo cha mabasi, tarehe 6 Juni 1992 akafunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa, na mwaka 1997 akafungua saluni yake, chumba kimoja chenye viti vitatu.

Maumivu ya kiwiko cha kulia yalimwanza mwaka 2009, baada ya miaka mingi ya kusuka nywele ndogondogo, mkono ukiwa juu kutwa nzima. Alificha, akawa anamimina chai kwa mkono wa kushoto na kudai anajaribu tu, mpaka shemeji alipomkuta analia mbele ya kioo, kitana kimemdondoka, hawezi kujichana. Shemeji aliokota kitana akamchana, vibaya sana, na kuanzia hapo ikawa kazi yake kila aliporudi safari.

Yeye ndiye aliyempeleka kwa mtaalamu wa kunyoosha viungo, ghorofani juu ya duka la viatu, mzee mwenye upara unaong'aa, ambaye alimpapasa shingo, bega na kiwiko, kisha akamwambia, “Nionyeshe unavyosuka.”

Dada akamtazama kichwani, akauliza, “Nisuke wapi hapo, daktari?”

Walicheka, kisha mzee akamweleza kwamba kiwiko kimechoshwa na mwendo uleule usiobadilika, na bega lililokakamaa linazidi kukitwisha mzigo, akamnyoosha taratibu, akamfundisha mazoezi, akamwagiza ashushe kiti cha mteja na aupe mkono mapumziko.

“Nikipumzika mimi, wanangu watasomeshwa na nani?”

“Mama,” mzee akamjibu, “mimi naweza kukulegeza, kukupumzisha siwezi.”

Alirudi nyumbani amenuna, kesho yake akashusha kiti. Maumivu hayakuisha yote, tusidanganyane hapa, yalipungua, akalala bila kujigeuzageuza, akaweza kumbeba mjukuu wake wa kwanza, lakini ilibidi apunguze wateja, wasichana aliowaajiri saluni wasuke yeye akiwa ameketi akielekeza kwa mdomo, na kukaa huko, kwa mtu kama yeye, kulimchosha kuliko kazi yenyewe.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa, nasi tukawa watu wa kupokezana kwenye benchi la wodi. Jumanne tarehe 9 Julai 2024, msichana mmoja hakufika kazini, dada akainuka kusuka mwenyewe, akaanguka kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu, na kesho yake asubuhi akafariki, mkono wake ukiwa mikononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunamshukuru mzee wetu wa viungo, aliyepanda ngazi za hospitali kila wiki kuja kumkanda bila kuitwa, majirani mliopika na kufua, wasichana wa saluni, na wewe mama, mteja wake wa mwisho, uliyepanda naye gari la wagonjwa nywele zimesukwa upande mmoja, ukakaa naye hivyo hivyo mbele za watu mpaka sisi tulipofika.

Dada, umetuogesha, umetulea, umechoka vya kutosha. Lala.