Zunilda Aliyekataa Chanjo Dhaifu

Wasikilizaji wapendwa wa San Pedro na Paraguay nzima, punguzeni kelele kidogo, leo sina utani. Jana tumemzika Daktari Zunilda Cañete, mpima chanjo za ng'ombe. Narudia kwa waliochelewa: Zunilda Cañete, dada yake Porfirio, mfugaji mwenzetu, amefariki kwa saratani. Jana tumemzika.

Kazi yake wengi hatukuielewa. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Vimekufa, lakini lazima umbo lake libaki zima. Vikivunjika, mwili wa ng'ombe hauvitambui, na umemchoma sindano bure. Zunilda alimimina maji ya sukari kwenye kichupa, mazito chini, mepesi juu. Juu yake akaweka chanjo, kisha mashine ikazungusha kwa kasi. Virusi vizima vikashuka, vipande vikabaki juu. Kisha kipimo kikachora mstari kwenye karatasi, na penye vizima mstari ukainuka kama kilima. Kilima kikubwa, chanjo nzuri.

"Nilikuwa namtania," anasema Porfirio. "Namwambia, dada, umesoma miaka yote hiyo uje kuzungusha juisi? Ananijibu, nyamaza wewe, hata ng'ombe wako wana adabu kukuzidi."

Ukaja ule mwaka. Ugonjwa ulikuwa umeshavuka mpaka, na shehena moja tu ya chanjo ilikuwa tayari. Moja tu, wasikilizaji. Zunilda akapima. Kilima kikatoka kichuguu. Akarudia, kichuguu kilekile.

"Lakini jumla ya protini inatosha!" mkuu wake akafoka.

"Inatosha kwa sababu unahesabu na vipande. Sisaini."

Porfirio akampigia simu. "Dada, tupe hiyohiyo dhaifu. Nakuomba."

"Nikikupa hiyo, utajiona umejikinga. Utawapeleka ng'ombe mnadani, na ugonjwa utapanda lori pamoja nao."

"Kwa hiyo wangu wafe?"

Zunilda akakata simu.

Shehena nyingine ilichelewa. Ugonjwa haukuchelewa. Ng'ombe wa Porfirio wakaanza kutoa udenda, wakashindwa kusimama. Likaletwa tingatinga likachimba handaki, zikaletwa bunduki. Wote wakapigwa risasi ili ugonjwa usienee, hata ndama waliokuwa bado wananyonya.

Zunilda alikuja, akasimama kando ya mdogo wake mpaka mwisho. Baadaye watu waliketi kupitisha pembe ya tereré, kile kinywaji chetu baridi cha majani. Ilipofika zamu ya Zunilda, ikarukwa. Mnajua kwetu hilo maana yake nini: wewe si mwenzetu tena. Akainuka, akaenda kungoja basi kwenye jua kali. Nikiikumbuka siku hiyo roho inaniuma mpaka leo.

Wiki iliyopita, hospitalini, Porfirio alimuuliza alilolibeba moyoni miaka yote. "Dada, ile dhaifu isingeokoa hata nusu yao?"

"Sijui, Porfi. Najua ilikuwa dhaifu. Zaidi ya hapo sijui."

Wakalia wote wawili. Porfirio mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alilia tena akisimulia.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hali yetu ndiyo hii. Kampeni ya chanjo inaanza Jumatatu. Nafasi ya Zunilda haijajazwa. Ile mashine imefunikwa shuka. Shehena iliyokuja imepimwa jumla ya protini tu, na tunaambiwa inatosha. Jana makaburini Porfirio, yuleyule aliyeililia chanjo dhaifu, alishika udongo mkononi asiutupe.

"Nani sasa atatuambia hapana?" akauliza.

Tulikuwa wengi pale. Tukashika makoleo, tukaendelea kufukia.

Pole sana, Porfirio. Poleni familia ya Cañete. Mungu awape nguvu, maana sisi majirani hatuna. Na wewe unayenisikiliza zizini, mfikirie huyu mwanamke, na ujiulize sindano iliyo mkononi mwa mchanjaji nani ameipima. Mimi pia ni mfugaji. Ugonjwa naujua, na chanjo hii siijui. Jumatatu watabisha hodi kwangu, na mpaka sasa sijui kama nitawafungulia geti.