Kaboni, Silikoni na Risasi: Maisha ya Mwalimu wa Kemia

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, mwalimu aliyejulikana hata kwa wasiomtaka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha uani nyuma ya karakana ya reli, akasoma hadi chuo cha ualimu, na Januari 1974 akaanza kazi katika maabara yenye bomba linalovuja, ambako hadi kustaafu alifundisha familia ya kaboni, zile elementi za safu moja, kwamba wote wana elektroni nne za nje, kama mikono minne ya kushikania, ila kaboni, aliye juu, hutumia zote nne na kushikana na wenzake kwa minyororo mirefu, silikoni hushikana kwa ulegevu, na kadiri unavyoshuka atomu zinanenepa, vifungo vinalegea, hadi risasi, ile metali nzito, ambaye mara nyingi hutoa mbili tu, mbili akazibania ndani.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili, marehemu wifi yetu, wakajaliwa watoto watatu, ambao baba yao, kwa kosa ambalo angeweza kulifanya yeye tu, aliwapachika majina Kaboni, Silikoni na Risasi, akiruka wawili wa katikati, gerimani na bati, kwa kuwa wifi alishatangaza kiwanda kimefungwa, na wavulana wakavimba vichwa, wakimkejeli dada yao mezani, eti wewe Risasi, mikono mingine umeificha wapi?

Kiharusi kilimwangusha kaka tarehe 3 Juni 2019, Kaboni akashikana na simu yake, Silikoni akaja mara moja, akapima sebule kwa futi kamba, akaondoka, na Risasi ndiye aliyemgeuza kitandani, akamnyoa, akamlisha, hadi marehemu akakiri, kwa mdomo uliopinda, kwamba risasi hutulia zaidi akishika kwa mbili kuliko kwa nne, jambo alilolifundisha kila mwaka bila kujisikiliza.

Alifariki tarehe 20 Februari 2023, saa nne asubuhi, na jana, maiti ikiwa bado mochwari, vijana hawa wawili wa mstari wa mbele, wenye miwani myeusi, walimwambia dada yao akabidhi funguo za nyumba mazishi yakiisha.

Kwa hiyo tunawashukuru walimu wenzake kwa jeneza, wauguzi kwa uvumilivu, na kwa namna ya pekee daktari wake, pamoja na jirani yetu fundi redio, waliokuwa kando ya kitanda kaka aliposema, akili zake timamu, kwamba nyumba ni ya binti yake, na hao wawili tunawaomba wasimame sasa hivi, wabaki wamesimama hadi Kaboni na Silikoni wawaone vizuri, hata kama itabidi wavue miwani.

Pumzika kwa amani, kaka, ugomvi tuachie sisi.