Radosveta Kichukova, Wakili Aliyefundisha Sheria kwa Sikio

Tarehe 30 Septemba 2025, Wakili Radosveta Kichukova anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili hapa mjini Plovdiv kwa miaka thelathini na miwili. Alipoajiriwa, ofisi nzima ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na wateja wetu wengi walikuwa wenye viwanda vidogo vya kusindika pilipili na nyanya. Yeye ndiye aliyewaandikia mikataba yao ya kwanza ya biashara, tena kwa lugha waliyoielewa wenyewe, jambo ambalo baadhi ya mawakili wa enzi hizo waliliona kama kukosa adabu.

Kwenye sheria ya burudani aliingia bila kupanga. Mpiga klarineti wa bendi ya harusi alimletea mkataba aliokuwa ametia saini katikati ya sherehe, glasi za rakia, ile pombe kali ya matunda, zikiwa zimeshapita mezani mara kadhaa. Jina la bendi aliyoianzisha mwenyewe lilikuwa limegeuka mali ya meneja wake. Radosveta alihangaika nalo mwaka mzima mpaka likarudi kwa mwenyewe. Habari zikaenea. Wakaja waimbaji, wakaja wacheza sarakasi, kikaja kikundi cha michezo ya wanasesere.

"Wanakuja kwangu kama watu wanaomwendea daktari wa meno," alikuwa akilalamika jikoni mwa ofisi. "Jino limeshaoza, shavu limevimba, ndipo wanauliza mswaki unauzwa wapi!"

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la podikasti. Mwaka 2015 alianzisha "Kabla Hujatia Saini", na mwandishi wa wasifu huu akapewa kazi ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Studio ilikuwa stoo ya mafaili. Ili sauti isigonge ukuta na kurudi, tulitundika makoti yetu pande zote, kwa hiyo wakati wa baridi aliyetaka kutoka kwenda kula alingoja kwanza kipindi kiishe. Radosveta alikuwa na tabia ya kutafuna mbegu za alizeti akiwa anafikiri. Msikilizaji mmoja aliandika kuuliza kama studio yetu ina panya. Alimjibu hewani kwamba panya yupo, ana shahada ya sheria, na anaomba radhi.

Mwanzoni wasikilizaji wengi tulikuwa sisi wenyewe. Kisha wakaanza kusikiliza wanafunzi wa sheria, madereva wa teksi, wenye studio za muziki, hata mwoka mikate mmoja wa mji wa Stara Zagora aliyetaka kujua kama jirani anaruhusiwa kumwigia jina la duka. Mkurugenzi wetu, Stoyan Karadjov, hakufurahi.

"Rada, unagawa bure bidhaa tunayoiuza," alimwambia.

"Ninagawa mswaki tu, Stoyan. Meno tutaendelea kung'oa."

Katika miaka yote hiyo, jambo moja linastahili kusimuliwa kwa kirefu.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Rhodope kuna kikundi cha wanawake wazee waimbaji. Walikuwa wakikaa kibandani kutunga majani ya tumbaku uzini, simu wameitumbukiza ndani ya ndoo tupu ili sauti ivume, wakimsikiliza Radosveta. Sheria haikuwa imewavuta. Walimpenda kwa sababu, kwa maneno yao, alikuwa akisema kama mtu wa nyumbani. Siku moja alieleza kwamba wimbo wa jadi ni wa watu wote, lakini sauti iliyorekodiwa ina mwenyewe, na hairuhusiwi kutumika kwenye tangazo bila ridhaa yake. Wiki hiyohiyo tulipokea ujumbe wa sauti.

"Mwanangu Radosveta, mimi ni Zlatina. Kuna lile tangazo la kamari za mpira, yule mwanaume akipoteza dau anapigiwa wimbo wa kilio ili watu wacheke. Anayelia pale ni dada yangu Minka. Alishafariki. Ule ni wimbo wetu wa msibani, na yule aliyeturekodi alituambia ni wa kuhifadhi tu. Hatutaki chochote kwao. Tunataka Minka atoke pale."

Radosveta aliusikiliza mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kesho tunakwenda mlimani." Alirudi na ridhaa ya Zlatina na wenzake, na kipindi kilichofuata kikawa chao. Hakumtukana mtu. Alieleza tu kilichotokea na sheria inasemaje.

Mambo yakawaka. Wakala aliyelitengeneza tangazo lile alitutaka tukiondoe kipindi hicho au tukutane mahakamani. Baya zaidi, mteja wetu mkubwa kuliko wote alikuwa akifanya biashara na wakala huyo, naye akatupigia kusema atahama. Tuliitwa mkutanoni. Wengine tulikuwa na mikopo ya nyumba, na hofu ilionekana usoni.

"Tukitoe kwa muda tu," Karadjov alisema. "Mpaka upepo utulie."

"Nionyeshe sentensi moja ya uongo, Stoyan, nami nitaikata mwenyewe sasa hivi, mbele yako."

Karadjov alichukua spika za masikioni, akajifungia ofisini kwake, akakisikiliza kipindi chote. Alipotoka alisema neno moja: "Kiacheni." Mteja yule alihama kweli, na mwaka ule ulikuwa mgumu kwetu sote. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemlaumu Radosveta, na hilo nalo ni sehemu ya fahari ya ofisi hii.

Radosveta akafungua kesi kwa niaba ya wanawake hao. Mahakamani, wakili wa upande wa pili aliuliza swali la haki kabisa: kijijini mnaimba wengi, mnajuaje kwamba sauti hii ni ya Minka? Radosveta alimgeukia Zlatina, aliyekuwa amekaa na wenzake, vitambaa vyeusi kichwani.

"Mama Zlatina, mweleze jaji."

"Dada yangu alikuwa na kifua," Zlatina alisema. "Katikati ya mstari wa pili pumzi ilikuwa inamwishia. Basi mimi nilikuwa namshikia wimbo mpaka apumue, kisha anarudi. Ngojeni mtasikia."

Jaji aliruhusu rekodi ipigwe. Ilipofika mstari wa pili, sauti moja ilikatika katikati ya neno, na nyingine, nyembamba zaidi, ikabaki peke yake. Zlatina alisimama palepale, akaimba pamoja na sauti yake mwenyewe ya zamani, akaushika wimbo, akaushika, mpaka Minka akarudi. Karani wa mahakama aliacha kuandika. Yule wakili wa upande wa pili, tunamsifu kwa hilo, hakuuliza swali jingine.

Wakala hakusubiri hukumu. Tangazo liliondolewa, msamaha ukaombwa hadharani, na rekodi ile ikakabidhiwa kwa wanawake wenyewe. Siku ya kumbukumbu ya Minka waliuimba wimbo huo makaburini, na Radosveta alikuwepo, amesimama katikati yao. Aliporudi tulimwuliza ilikuwaje. Alisema tu, "Wimbo ulikuwa mahali pake," akaenda kuandaa kipindi cha mikataba ya kupangisha maduka.

Leo kesi hiyo inajadiliwa na wanafunzi wa chuo kikuu hapa mjini, na wawili waliosoma huko sasa ni mawakili wenzetu, walioamua kusomea sheria kwa sababu ya kumsikiliza. Kwenye kikao cha wiki iliyopita Karadjov alisimama akasema kwamba uamuzi wake bora katika ofisi hii aliufanya siku alipokubali kumsikiliza Rada hadi mwisho. Kisha akakaa haraka, maana si mtu wa kulia mbele ya wafanyakazi.

Radosveta anakwenda kijijini Brestovitsa, kwenye shamba la zabibu la mumewe Asen, ambaye amemngoja kwa uvumilivu wa ajabu. Mama, umetufundisha kusoma kila mstari, na kumsikiliza kila mtu mpaka amalize. Asante kwa miaka yote. Tunakuombea afya, mavuno mazuri, vicheko vingi mezani na usingizi usio na kesi ndani yake. Nenda kwa heshima uliyoipata kwa haki.