Siku Mfiwa Aliposhika Jembe

Mwagonile, wapendwa. Nashukuru kwa nafasi hii. Nimemwomba Mungu anipe maneno machache, maana uzee huyaongeza. Naona vijana mmekaa nyuma kama kawaida yenu. Kaeni huko huko, sauti yangu itafika.

Nataka kusimulia jinsi nyumba yangu ilivyotengwa na jinsi Bwana alivyotushika. Sitamtaja mtu. Mnaojijua msiinamishe vichwa, jirani yako atakutambua.

Mwanangu wa mwisho mnamfahamu, yule mwenye pikipiki. Anabeba ndizi, anabeba wagonjwa, anabeba hata wanakwaya waliochelewa. Amekua na vijana wa rika lake hapa hapa Suma. Walipata kipaimara pamoja, wakacheza mpira pamoja, wakala sinia moja. Na desturi yetu mnaijua: vijana ndio wanaochimba makaburi. Mfiwa hashiki jembe. Yeye anakaa, analia, na vijana wa rika la mwanawe wanamchimbia.

Basi, parachichi zikapata soko, na wizi nao ukaja. Mchana mmoja nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nyuma ya migomba yangu, nikawasikia wale vijana wamekuja uani kwa mwanangu.

"Oya, mchungaji," mmoja alimwita, maana ndilo jina walilomtania nalo. "Kuna mchongo kule Lufingo. Sisi tunachuma, wewe unabeba tu. Hata mti hugusi."

"Mti wa nani?"

"Sasa maswali ya nini? Parachichi ni parachichi."

"Kama mwenyewe hajui, sibebi."

Wakacheka. "Mlokole bwana! Mungu ana mambo mengi, atahangaika na viroba vyako vya parachichi?"

"Mimi navihangaikia," akasema mwanangu.

Kiongozi wao hakucheka. Akamwambia taratibu, kama mtu anayetoa ushauri: "Sawa, kaka. Lakini una baba, una mama, na wote wamezeeka. Siku ikifika, tutaona nani atakuchimbia kaburi."

Ndugu zangu, nawaambia, nilibaki na mundu mkononi, majani yamenidondoka. Mtu anaweza kutishiwa kupigwa akavumilia. Lakini kwetu sisi, kumwambia mtu kwamba mzazi wake atakosa wa kumzika, ni kumng'oa kijijini akiwa bado anaishi humo.

Na walianza kweli. Kwenye misiba ya watu, mwanangu akishika jembe, wenzake wanaweka yao chini mpaka aondoke. Akisogelea sinia, sinia linahamishwa. Kijiweni walimwita msaliti. Kisha parachichi za mjane mmoja, jirani yetu, zikachumwa zote zikiwa changa. Jioni ile mwanangu hakula. Akasema, "Baba, kama ningekubali, zile ningebeba mimi." Mama yake akamjibu, "Hukubeba. Kula."

Mama yake huyo, kila asubuhi, alikuwa anaweka mkono juu ya kiti cha pikipiki na kuomba: "Bwana, pikipiki hii ibebe vilivyo halali tu." Hata alipoanza kusumbuliwa na presha, alikuja mpaka pale akijishikilia ukutani.

Mwezi wa mvua Bwana akamwita mke wangu.

Asubuhi ya mazishi watu walijaa nyumbani. Mahali pa kaburi tulishapaonyesha, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Majembe yalikuwa yamelazwa hapo. Vijana walikuja, siwasingizii, walikuja wote. Wakakaa juu ya majani ya migomba, wakakunja mikono. Jua likapanda, halafu ukungu ukashuka, na hakuna aliyeinuka.

Kaka yangu akaenda kuwauliza. Akarudi na maneno ya kiongozi wao: "Tuna neno dogo tu, baba. Mwanenu aje aseme mbele yetu kwamba yeye ni mwenzetu, na pikipiki ni yetu sote. Akishasema, kaburi linachimbwa sasa hivi."

Ndugu wakanizunguka. "Vijana wamekosana, wapatane tu," alisema mmoja. "Aseme, yaishe," alisema mwingine. "Mama atalala nje?" Walisema kwa upendo, siwalaumu. Lakini wao hawakujua pikipiki ile ilitakiwa ikabebe nini. Mimi nilijua.

Nikamwita mwanangu. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Akaniuliza, "Baba, unataka niseme?"

Wapendwa, mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundisha watoto wenu. Siku ile sikukumbuka hata somo moja. Nilikumbuka tu mkono wa mke wangu juu ya kile kiti. Nikamwambia, "Hapana. Usiseme. Tukamchimbie mama yako."

Nikavua koti, nikachukua jembe. Kaka yangu akanishika mkono. "Mfiwa hachimbi! Unataka kutuletea balaa?"

"Balaa lishakaa pale kwenye majani," nikamjibu. "Niachie mkono."

Tukaanza, mimi na mwanangu. Nachimba, nalia, pumzi inakata. Udongo wetu ni laini, lakini mimi si laini tena, viungo vimekauka. Mara nikasikia mtu ananigusa bega. Alikuwa yule mjane aliyeibiwa parachichi. Amejifunga kanga kiunoni.

"Nipishe, baba," akasema. "Huyu ni dada yangu."

Mwanamume mmoja akapaza sauti kwamba mwanamke hachimbi kaburi. Yule mama hakugeuka. "Shamba lako analima nani?" akamuuliza, akashuka na jembe. Nyuma yake wakaja akina mama wa umoja wetu wa maombi, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa bado wana unga mikononi. Hapo wazee nao wakaona aibu kukaa, wakavua makoti.

Kwenye majani, kijana mmoja akasimama.

"Kaa chini," kiongozi akamwambia.

"Kaa wewe. Huyu mama alininywesha maziwa nilipougua." Akaja, akaruka shimoni, akampokea mwanangu jembe. Wakafuata wengine. Si wote. Mke wangu alizikwa siku ile ile, kabla mvua haijaanza.

Tangu hapo imepita misimu kadhaa. Baba wa yule kiongozi naye akafariki. Watu wakasema mwanangu hataenda. Alikuwa wa kwanza kufika na jembe lake. Alichimba mpaka mwisho, akanawa. Kiongozi akamsogezea sinia. "Karibu, kaka. Yameisha."

"Nilikuja kumzika mzee," mwanangu akamjibu. "Siku mtakapoacha viroba vya watu, nitakula." Akawasha pikipiki, akarudi nyumbani na njaa yake. Nilimpikia ndizi mwenyewe, na sijawahi kumpikia mtu kwa furaha namna ile.

Nawashukuru, mama zangu mlioshika majembe. Ndaga fijo. Nakushukuru, mjane wa Mungu, uliyeshuka kwanza. Nakushukuru, kijana uliyesimama, unanisikia. Na Bwana aliyenipa mke aliyeomba juu ya pikipiki, jina lake litukuzwe.

Na ninyi wa nyuma, neno langu ni hili. Kuna siku wenzako watakutaka ubebe kisicho chako, na ukikataa watakuuliza nani atakuchimbia kaburi. Wasikutishe. Waambie yupo mzee mmoja hapa Suma. Mgongo unamuuma, lakini jembe lake liko nyuma ya mlango, na atakuja.