Simu ya Bisibisi Iliyopungua Vipande Msibani

Marehemu, ambaye hata mkewe alimwita Bisibisi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa pili kati ya watatu, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi baiskeli. Inasemekana alimtazama kila aliyembeba kana kwamba anamdai maelezo.

Alisoma hadi kidato cha nne. Akiwa kidato cha pili alishuku kwamba mapumziko yanapunjwa, akaifungua kengele ya umeme ya shule na kuikagua mpaka waya wa mwisho. Kengele ilikuwa nzima. Mwenye hitilafu alikuwa mwalimu mkuu aliyeibonyeza. Marehemu alisimamishwa shule, akarudi, na mapumziko yakarefuka.

Mwaka 1982 alianza kutengeneza redio. Kazini huko ndiko alikomkuta mkewe, aliyeleta redio na kukataa kuondoka. "Ifungue nikiona," alisema. "Nyie mafundi mna tabia ya kubadilisha spika." Marehemu alikiri baadaye kwamba hakuwahi kusikia maneno matamu kiasi kile. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mhandisi wa meli.

Simu za mkononi zilipoingia, aliajiriwa kwenye duka kubwa, kaunta ya matengenezo, ambako kazi yake hasa ilikuwa kuwaambia wateja, "Haitengenezeki, nunua mpya." Alivumilia, akachoka, akafungua kibanda chake. Simu iliyobandikwa gundi kila upande aliitazama kama mgeni asiyetaka kuvua koti ndani ya nyumba ya watu. "Anaficha nini huyu?" aliuliza.

Ndipo akanunua simu ya vipande: betri, kamera, spika, skrini, vyote vinachomoka kwa bisibisi moja, kikiharibika kimoja unaweka kingine na maisha yanaendelea. Tukadhani sasa atatulia. Wapi! Kampuni iliahidi kuuza vipuri kwa miaka kumi, naye akakosa usingizi. "Kumi kwa nini? Mwaka wa kumi na moja wanajua kuna nini?" Mama mkwe alipopiga, marehemu alichomoa maikrofoni kwanza, ndipo akamsikiliza kwa adabu zote.

Kila Jumapili baada ya chakula aliiweka simu hiyo kwenye sinia, na kila ndugu ilimbidi aifungue na kuiunga upya mbele ya wenzake. "Mkiijua ndani na nje, hakuna atakayewadanganya," alisema. Kwa kushuku kwake kote, ndugu zake hakuwahi kuwashuku.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Daktari alipomweleza kwamba hazitengenezeki, marehemu alimkazia macho: "Kumbe na wewe walikuweka kaunta ile?" Siku za mwisho, binti yake akiwa baharini pasipo mtandao, alirekodi maneno ya kumwachia. Hakuyatuma. "Sitaki yapite mikononi mwa watu," alimwambia muuguzi. Yakabaki kwenye kadi ya kumbukumbu, ndani ya simu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia iliomba lisiandikwe. Msibani zilienea habari kwamba maneno yale yalihusu nyumba: nani apewe, nani asiione. Hakuna aliyeyasikia, kwa hiyo wote walikuwa na uhakika. Kila mmoja, akihofia mwenzake asije akayasikiliza peke yake na kuyafuta, alichomoa kipande kimoja kama dhamana. Binti alipofika Ijumaa alikabidhiwa simu nyepesi ajabu.

"Betri kachukua nani?" kaka wa marehemu akafoka.

"Hata haijafunguliwa, kaka," dada yao akamjibu. "Umejuaje kama betri haimo?"

"Na wewe mbona umekalia mkoba?"

"Baba mkubwa, shangazi," binti akasema, "nyumba chukueni. Mimi nataka kumsikia baba."

Kisha, kwa masikitiko, kila mmoja akashuku kwamba huo nao ni ujanja.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, kaka mmoja (betri), dada mmoja (spika), na mpwa mmoja, msomaji wa wasifu huu, aliyekaguliwa mifuko mara mbili na dada huyohuyo, mama yake mzazi. Kadi anayo mjane. Hakuficha: amesema iko kifuani, na ataitoa ya mwisho, akishawaona wengine wametoa vyao.

Kwa hiyo tukitoka makaburini hakuna kukimbilia nyumbani. Langoni kuna meza, simu iko juu yake, na binti atakuwa amekaa hapo. Kila mtu arudishe chake kwa mkono wake. Atasikiliza yeye kwanza, peke yake, nasi tutasimama mbali. Yakiwa ya nyumba, atatuambia. Yakiwa ya baba kumuaga mwanawe, tusimwulize kitu.

Marehemu apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika simu ikiwaka.